Bei ya Mwenyeji

Haya chekeni, chekeni mmalize ndiyo nianze. Najua nikipita na mkoba wangu pale sokoni Daraja Mbili mnaambiana "Mama Sultani huyo," mkidhani sisikii, na mimi masikio yangu ni ya mtu wa soko, nasikia mpaka bei unayoiwaza. Hadithi yenyewe mliipata kwa watu wa Mosocho, na watu wa Mosocho ukiwapa panya asubuhi, jioni wanakurudishia ng'ombe, kwa hivyo leo nitaisema mwenyewe, na aibu yake yote, nisije nikasikia tena kwamba eti nililia. Sikulia. Lilikuwa jasho.

Kwa wale wageni, mimi ni Moraa, mama yake Momanyi. Ni mjane. Nimelea kijana wangu kwa mitumba, kwa makoti ya watu wa baridi ambao siwajui, na nimemsomesha mpaka sasa ni fundi wa umeme anayeitwa hata na hoteli za mjini. Na katika miaka yote hiyo ya kupiga kelele sokoni nilijijengea jina moja, kwamba Mama Momanyi hadanganyiki. Ukileta noti ya bandia naijua kwa kuisikia ikikunjuka. Ukiniambia hiki kiatu ulinunua jana na kinakuuma ndiyo maana unarudisha, nitakuambia hata mlima uliopanda nacho. Hilo jina nililipenda kuliko jina nililobatizwa, na ndilo lililonimaliza.

Sasa, Momanyi akapata msichana. Kerubo, mtoto wa Gesima, kule juu kwenye majani chai, mpole, mcheshi, na anapika mboga ya chinsaga vile inafaa kupikwa, ikalala kwa maziwa mpaka ule uchungu ukaisha. Nilimpenda siku ile ile. Shida haikuwa Kerubo. Shida ilikuwa shangazi yake, Kemunto, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, mwanamke wa kanisa, mnyoofu kama fito, na hata baba yake Kerubo, Mzee Nyamweya, kabla ya kukohoa humtazama yeye kwanza. Huyu Kemunto aliposikia mama ya kijana ni wa Daraja Mbili akasema (na Kerubo, maskini, akaniletea maneno yenyewe bila kuyachuja), "Watu wa soko hilo walishaniuzia koti lenye tundu wakaniambia ni mtindo. Mtoto wangu hawezi kuingia nyumba ambayo mama mkwe ana lugha mbili, ya ukweli na ya biashara."

(Lile koti nililikumbuka. Sitaki tuliongelee.)

Hata hivyo wakakubali kuja. Abako, yaani wakwe, wangekuja kwangu Mosocho Jumapili moja kuona boma, kula chakula, na kuamua kama tutaongea habari ya ng'ombe wa mahari au kila mtu achukue njia yake. Momanyi hakuwa analala. Alikuwa anakuja jikoni ananiuliza, "Mama, utaongea pole pole siku hiyo, si ndiyo?" Mtoto niliyemzaa ananiomba nisimwaibishe! Nikamwambia atulie, mimi nitawafanya hao watu wa Gesima wasahau kwamba walikuwa na mashaka.

Hapo katikati ndipo safari ya chama ikaingia. Akina mama wa chama chetu tulikuwa tumejiwekea kidogo kidogo muda mrefu kwenda kutembea kisiwani, Unguja, tuone bahari na sisi kabla ya kufa, na mimi nikachaguliwa kiongozi wa msafara bila kupigiwa kura, kwa sababu ya lile jina. Nilichukua kazi hiyo kwa uzito. Kwa majuma nilikuwa natuma sauti kwenye kundi letu la simu, kila jioni, "Akina mama, sikieni. Mtu akikufunga bangili mkononi akisema ni ya bure, ng'oa. Dereva akikuambia hoteli yako imefungwa twende kwa ya binamu yake, shuka. Anayekubadilishia pesa njiani kwa bei nzuri kuliko benki, huyo hana huruma na wewe, ana haraka." Sauti zingine zilikuwa ndefu mpaka Mama Biliah, mweka hazina wetu, akaandika kwamba anazisikiza akichuma chai na zinamalizika na kikapu kimejaa.

Mtu pekee aliyenionya mimi, badala ya mimi kumwonya, ni rafiki yangu Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa pale mjini Kisii. Babu yake alikuja huku kutoka pwani akiuza chumvi, akaoa, akabaki, kwa hivyo wana jamaa kule na wanajua mambo. Alikuwa ananipimia kitambaa cha gauni, akasema bila kuinua macho, "Moraa mwenzangu, kule ukitukanwa, cheka. Ukisifiwa, funga mkoba."

Nikacheka. Nikamwambia, "Zuhura, mimi nimekuwa nikisifu wateja miaka hii yote, leo nani atanisifu nisimjue?"

"Haya," akasema. "Mimi nimekwambia."

Tukafika. Na jameni, siku za kwanza nilikuwa moto! Bandarini tu, kijana amemfunga Mama Biliah bangili ya nyuzi, mimi nimeshaifungua na kumfunga nayo yeye mwenyewe. Shambani kwa viungo, kuna mtu anawasukia akina mama kofia za makuti huku akiimba, nikawaambia wasizivae, hizo kofia zina bili ndani, na kweli wale wazungu waliozivaa tuliwaacha wanabishana. Kuna mwingine alikuja na picha za watoto yatima wa shule, nikamuuliza shule iko wapi twende sasa hivi tukawasalimie, akakumbuka ana simu ya kupokea. Watu wa kule wenyewe vijana hao wanawaita papasi, yule kupe, kwa vile wanavyong'ang'ania, na mimi nilikuwa nawabandua mmoja mmoja. Wenzangu walikuwa wanatembea nyuma yangu kama vifaranga. Nikaanza kujiskia, hiyo nakubali.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, wenzangu wamelala kwa sababu ya joto, nikasema wacha ninyooshe miguu kidogo. Hayo ndiyo makosa yenyewe, hakuna mengine. Ningelala kama wenzangu, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Nimekata kona moja, ya pili, nikamkuta mwanamume ameketi barazani, kanzu safi, kofia, hana bangili, hana picha, hana kitu. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia, na hapo hapo nikamwambia kabisa, "Sinunui kitu. Bangili sitaki, viungo sitaki, na pesa sina."

Akacheka kwa upole. "Mama, hayo ni mambo ya watalii. Wewe si mtalii. Kiswahili hicho unachosema ni cha mwenyeji."

Sasa nyinyi mnakijua Kiswahili changu! Nilikipata shule ya msingi kwa kiboko, na Bi Zuhura kila nikifungua mdomo dukani kwake hufunga macho kama mtu aliyekanyaga mwiba. Lakini pale nikasimama. Nikasema, aa, huyu ana masikio.

Akaniambia jina lake ni Fadhili. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Kisii. Jamaa akajipiga paji la uso.

"Kisii! Basi yamekwisha. Nilitaka nikuonyeshe kitu, lakini kwa mtu wa Kisii siwezi. Nyinyi ni watu wa mawe. Nitaumbuka bure."

"Kitu gani?"

"Achana nacho, mama. Nenda salama."

Mnaona? Hakunivuta. Mimi ndiye nilimfuata! Mimi niliyetuma sauti majuma mazima, nilikuwa naomba, "Hebu nione tu, kuona si kununua." (Hayo ni maneno ninayoambiwa na wateja kila siku, na kila siku wananunua.)

Akanipeleka chumba kidogo chenye giza, akafungua kitambaa chekundu, na ndani kulikuwa na bakuli. Kubwa, jeusi, zito, limechongwa maua ukingoni, na kwenye kitako limeganda chokaa na vipande vya kombe. Akaniambia liliopolewa baharini, kwamba jiwe lake hutoka kwenye miamba ya chini kabisa, na kwamba sultani wa zamani alikuwa halambi mchuzi mpaka aoshee mikono humo. "Na sultani hamiminiwi maji, mama. Alizamisha mikono ndani ya maji ya uvuguvugu, na wageni wake wakafuata. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima."

Kisha akaninyooshea bakuli. "Lakini mimi sijui mawe. Wewe ndiye mtaalamu. Niambie ukweli, hata kama utaniumiza."

Ngoja niseme jambo moja hapa. Mawe ya kwetu, yale laini ya Tabaka yanayochongwa sanamu, yale ya waridi na meupe na ya kijivu, tunayapita kila siku mjini. Yamepangwa kwenye maduka, viboko, twiga, visahani, na hakuna mtu wetu anayeyanunua. Ni ya wageni. Mimi nimezaliwa huku, nimezeeka huku, na sijawahi kushika hata kijiwe kimoja nikakiangalia. Lakini mtu akiniambia mbele ya macho yangu kwamba Wakisii ni watu wa mawe, niseme nini, kwamba mimi ni mtu wa makoti?

Nikalipokea. Nikaligonga kwa kidole. Nikaliweka shavuni. Nikalinusa, likawa na harufu fulani nzito, nikasema moyoni hii ndiyo harufu ya zamani (ilikuwa rangi ya viatu, sasa najua). Kitu kimoja tu sikufanya, sikulikwaruza kwa kucha, maana asubuhi ile nilikuwa nimepakwa hina na rangi ya kucha, mara ya kwanza maishani, na sikutaka kuiharibu.

Nikasema kwa sauti ya daktari, "Hili si la kwetu."

"Una hakika, mama?"

"Kijana, mimi ni Mkisii."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetolewa mzigo. Akataja bei, nikacheka. Tukavutana pale, nikaenda nikarudi, nikaenda nikarudi, mpaka akashika kichwa na kusema basi, kwa vile umeniambia ukweli, sitakuuzia bei ya mtalii, nitakupa bei ya mwenyeji. Bei ya mwenyeji! Nililipa na nikamwonea huruma. Nililipa kwa pesa nilizokuwa nimeweka za kukodi hema na viti vya siku ya wakwe, nikijiambia mtu mwenye bakuli la sultani hahitaji hema. Nikalipakata magotini kutoka kisiwani mpaka Mosocho, na Mama Biliah akitaka kuligusa nilikuwa naliinamia.

Nilipomwonyesha Bi Zuhura, alilitazama muda mrefu. Alilitazama zaidi ya vile mtu hutazama kitu kizuri. "Mh," akasema. "Hongera. Lakini mimi ningeliweka tu kabatini."

"Kabatini lifanye nini?"

"Likae. Usilitie maji, Moraa."

Nikasema hee, wivu ni mbaya, hata mtu unayemdhania dada.

Jumapili ikafika. Kwa vile hema halikuwepo, na wingu lilikuwa limetanda toka asubuhi, wakwe tukawaingiza sebuleni, na mnajua sebule yangu, dirisha moja na mapazia mazito niliyotoa kwenye robota la mitumba. Ndani kulikuwa giza giza hivi. Wakaketi. Mzee Nyamweya, koti la kijivu. Shangazi Kemunto, gauni jeupe la kanisa, mkoba magotini, macho yanapima kila ukuta. Kerubo ameinama. Upande wetu Momanyi, shati jeupe jipya, la dukani, si la mtumba, na shemeji yangu Ogeto, ndugu wa marehemu, ambaye ndiye angetusemea habari ya ng'ombe. Bi Zuhura alikuwa pembeni karibu na mlango wa jikoni, amekuja kunisaidia.

Chakula kilikuwa tayari, obokima, ule ugali wa wimbi, inafuka, kuku wawili, chinsaga. Kawaida msichana angepita na jagi na karai awamiminie wageni maji. Mimi nikasimama. Momanyi akanitazama, yale macho ya kuniomba, nikajifanya sijayaona.

"Wakwe zangu," nikasema, "leo hamtamiminiwa maji kama watu wa hotelini." Nikalitoa bakuli chini ya kitambaa chekundu, nikalijaza maji ya uvuguvugu, na nikaanza. Nikawapa sultani, nikawapa bahari, nikawapa miamba. Nikasema watu wengi huenda kisiwani wakarudi wamedanganywa, lakini jicho la soko ni jicho la soko, jiwe hata likilala usingizi mimi nitakuambia limetoka wapi. Nikasema mwenye bakuli hili alikataa kumuuzia mtu yeyote mpaka aliponiona mimi, kwa sababu ya uaminifu wangu. (Hiyo sehemu sikuambiwa na mtu. Iliingia yenyewe.) Na nikamalizia nikimtazama Kemunto usoni, "Shangazi, kuna watu husema sisi wa Daraja Mbili ni waongo. Leo oshea mikono kwenye ukweli."

Nyasae, Mungu wangu! Hayo maneno nayasikia mpaka leo nikifunga macho.

Sabuni hakuna, sultani hakutumia sabuni. Mzee Nyamweya akazamisha mikono, akasugua sugua humo kwenye ukingo, akatoa. Kemunto akafuata, na yeye ni mtu msafi, alisugua haswa, mpaka chini. Bakuli jeusi, nyumba ina giza, maji nani angeyaona? Wakajipangusa kidogo kwa kitambaa chekundu, chekundu kile kilichoiva kama damu, na chenyewe hakikuonyesha doa. Mikono ya Mzee ilikuwa bado na unyevu akasema, "Tuombe kabla hatujala."

Tukasimama, tukafunga macho. Mzee Nyamweya haombi maombi mafupi. Aliomba kuanzia mvua, akaenda kwa majani chai, akaenda kwa serikali, kisha akawaita Momanyi na Kerubo wasogee, akawawekea mikono mabegani awaombee. Maneno yalikuwa mazuri, mazuri mpaka nikamsikia Kemunto anavuta kamasi, maana alimtaja marehemu mama yake Kerubo, na nikajua, kwa macho yaliyofungwa, kwamba yule mwanamke mgumu analia na anajifuta machozi. Nikasema moyoni asante Mungu, tumeshinda.

"Amina."

Nikafungua macho. Mtu wa kwanza niliyemwona ni Kemunto. Mashavu meusi. Chini ya macho, nyusi, ncha ya pua, kila mahali alipojifuta palikuwa na masizi, kama aliyelala kwenye jiko. Nikamgeukia Momanyi. Begani, kwenye shati jeupe, kiganja cha Mzee Nyamweya kimepigwa muhuri, vidole vyote na hata pete. Kerubo naye, upande wa pili, vivyo hivyo. Mzee mwenyewe ndevu zake nyeupe zilikuwa zimeingia mistari mahali alipozikunakuna katikati ya maombi.

Kuku anapoa. Kemunto akatazama viganja vyake, akatazama gauni, akatazama bakuli. Akaliinua, akaenda nalo mlangoni kwenye mwanga, akayamwaga maji nje, na yalikuwa meusi tititi, kifaranga akaruka. Ndani ya bakuli, pale aliposugua sana, palikuwa pameng'aa. Waridi, na mishipa myeupe. Akaweka ukucha wa kidole gumba, akakwaruza, ukatoka unga.

Hapo hata kipofu angejua.

"Baba Kerubo," akasema pole pole, bila kugeuka. "Hebu njoo uone. Hili si jiwe la Tabaka?"

Mzee akaja, akaligeuza. "Ni lenyewe. Si hata sisi tunalo kama hili, lile tunanyweshea kuku?"

"Letu lina maua zaidi," akasema Kemunto.

Nilitamani ardhi ya Mosocho ipasuke. Shemeji Ogeto alikuwa anachunguza dari. Bi Zuhura hakusema "nilikwambia," alifanya kitu kibaya zaidi, alileta sabuni na taulo kimya kimya, kama aliyekuwa ameviandaa tangu asubuhi. (Alikuwa ameviandaa tangu asubuhi.) Na rangi ya viatu haisikii sabuni, jameni. Walisugua, ikapauka tu. Wakwe zangu, katika siku yao ya kwanza nyumbani kwangu, walikula obokima kwa kijiko. Kijiko! Kama wagonjwa.

Lakini kabla ya kijiko, Kemunto alisimama mbele yangu na uso wake ule mweusi. Nikamtazama Momanyi. Mtoto wangu alikuwa amemshika Kerubo kidole kimoja tu, nyuma ya mgongo, vile mtu hushika kitu anachojua kitachukuliwa. Moyo ukaniuma. Ukaniuma kweli. Nikajua kama nitafungua mdomo na kuuza tena, hata neno moja, huyu kijana nimempoteza.

"Mama Momanyi," Kemunto akaniuliza, "hili ulilinunua?"

"Ndiyo."

"Kule baharini?"

"Kule baharini. Na mimi ndiye nilimwambia mwenyewe kwamba si la kwetu. Alikuwa hana hakika. Nikamhakikishia."

"Wewe."

"Mimi, shangazi. Na yale ya uaminifu wangu sikuambiwa. Niliongeza. Na pesa zilikuwa za hema, ndiyo maana mmekaa gizani."

Akanitazama. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikadhani ni hasira, kumbe ni kicheko kinatafuta njia. Mwanamke huyo alicheka! Alicheka mpaka akashika mlango, akacheka mpaka akaketi chini na gauni lake la kanisa, machozi yanachora mistari mipya. "Baba Kerubo," akasema, "huyu? Huyu ndiye nilikuwa sipati usingizi nikimwogopa? Nilisema mtoto ataenda kudanganywa na mama mkwe. Kumbe mtoto ndiye itabidi amwangalie mama mkwe asidanganywe!"

Na kicheko kikashika nyumba nzima, hata Momanyi na bega lake lile. Mimi nilicheka mwisho, na kidogo.

Tulipomaliza kula, wakwe wakatoka nje kushauriana chini ya migomba. Walirudi wamekubali. Kerubo ni wetu. Momanyi alinikumbatia akaniachia weusi wa shati lake, sikujali. Tukaketi kwa habari ya ng'ombe, shemeji Ogeto akajiweka sawa kutusemea, lakini Mzee Nyamweya hakumwangalia Ogeto. Aliniangalia mimi, akatabasamu kwa zile ndevu zenye mistari.

"Mama Momanyi," akasema, "sisi hatukuchukulii kama mgeni. Vile umetuambia ukweli leo, wewe ni mtu wa nyumbani kabisa. Na jinsi unavyoelewa thamani ya vitu, hatuna haja ya kuvutana. Tutakufanyia bei ya mwenyeji."

Pembeni nikamsikia Bi Zuhura anakohoa.

Akataja ng'ombe. Ilikuwa ile hesabu Ogeto aliyokuwa ameniambia wangeanzia nayo, na juu yake mtamba mmoja. Ogeto akafungua mdomo avutane, Kemunto akachukua bakuli kutoka mezani, akalipangusa taratibu kwa kitambaa chekundu, na kuniuliza kama nadhani ni wengi sana kwa mtu anayejua kununua. Mimi, Moraa wa Daraja Mbili, ninayeweza kumshusha mtu bei ya kifungo, nikasema si wengi.

Kerubo yuko jikoni kwangu sasa na ananiangalia kweli kweli, nikinunua hata sukari ananiuliza kama nilionja kwanza. Lile bakuli kuku wanalinywea, wamelikwaruza likawa zuri. Sokoni wateja wanakwaruza makoti yangu kwa kucha kabla ya kuuliza bei. Kiapo nimeapa, rangi ya kucha sitapaka tena mpaka kaburini, na mtu akianza kunisifu siku hizi simsikizi, naondoka akiwa bado anaongea.

Na msifikiri siku ile sikukumbuka maneno ya Zuhura. Mzee Nyamweya alipofika tu pale kwa "mtu wa nyumbani," mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikafunga mkoba mpaka zipu ikalia. Lakini ng'ombe hawakai mkobani.